Kura Zilizongojea Gari

Kambale, mudogo wangu wa Murara,

Kabla ya salamu, simama, vua kofia: anayekuandikia ni konseye, diwani muzima, wa komine huku Uingereza.

Basi, kaa. Ni uongo. Nilikalia kiti cha konseye muda wa kumeza mate tu, mama anayefagia akaniondoa. Sasa niambie: mugongo wako unakuacha ulale? Risasi zimepunguza kelele, ao mungali munalala chini ya kitanda? Mimi magoti yamekufa, mudomo bado.

Mule komine, ofisi ya muji, niliingia kwa sababu ya kiwanja. Vijana wetu, watoto wa wakimbizi, walikuwa wanacheza mupira hapo kila Jumapili, siku ya Yenga, kisha misa. Ni hapo tu watu waliniita papa Paluku. Komine ikasema itajenga nyumba pale. Furaha, binti ya watu wa Masisi anayefundisha ekipe yao ya mupira, akagombea ukonseye ili akatusemee.

Akapita nyumba kwa nyumba na karatasi. Karatasi tu! Hakuna shati ya polo yenye sura yake, hakuna chumvi, hata chupa moja ya bia. Muzee Bahati, jirani yangu, akanuna: "Kandida gani huyu? Kama hatunyweshi leo, akishinda si atatusahau kabisa?"

"Tulia, muzee," nikamujibu. "Vitu viko nyuma, vinakuja."

Siku ya kura, wazee wote wenye uraia wa huku tulivaa makoti, tukakaa kwangu kungojea gari la kandida lituchukue, kama kwetu. Tukakula makayabo, wale samaki wa chumvi, tukaimba. Kura zilipofungwa, Furaha akapiga simu.

"Papa Paluku, mulipiga?"

"Binti yangu, gari lako liko wapi?"

"Papa, shule ya kupigia kura iko nyuma ya nyumba yako."

Alishindwa kwa kura chache, zote zilikuwa zimekaa katika salon ya nyumba yangu zikitafuna samaki. Nikaenda komine kuombea kiwanja mimi mwenyewe. Konseye mupya alinisikiliza, akanishukuru sana. Mudogo, huku wanakukatalia kwa asante. Sasa kuna seng'enge, na magoli yamepakiwa kwenye lori. Vijana wametawanyika. Furaha angali ananisalimia kwa heshima kanisani, na ndiyo inaniuma. Huko wenye bunduki ndio wanawasemea ninyi, huku hakuna anayetusemea. Sioni kitakachobadilika mbele ya kufa kwangu.

Salimia bibi yako wa ndoa na foufou yake, ule ugali wa kuvunja meno. Dada yetu Masika, muuza visamaki vya sambaza wa Kituku, aache kupunja watu. Shemeji, katekista wa Kalengera, kama angali hai, aniombee.

Na wewe: tulipokimbia lava ya volkano, nani alimubeba mama mukwe wako mugongoni mpaka Sake, naye akimusonya njia nzima? Ulisema utanirudishia. Nirudishie basi. Siku ya Yenga, kama mechi zingali hapo Murara, simama nyuma ya goli umutukane arbitre, yule refa, kwa ajili yangu, mara moja tu, kwa nguvu, halafu uniandikie alivyojibu.

Mukubwa wako,
Paluku