Kisanduku Kwenye Kona ya Ramani

Ela Nguema, Malabo
Alhamisi, 14 Agosti

Kwa rafiki yangu Frasi,

Pokea salamu zangu na za nyumba yetu nzima, kuanzia mama hadi mtoto wa dada ambaye ameanza kutambaa na kula mchanga. Naomba barua hii ikukute mzima, na bibi yako awe ameanza kula chakula cha watu, maana ulipopanda meli mwezi wa Juni kwenda kumuuguza ulisema anakunywa uji wa ndizi tu. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kama imelipwa, mabomba yamekauka kama kawaida, kwa hiyo tunakinga maji ya paa na kumshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Mama anakuulizia kila siku. Biashara ikiwa ngumu pale soko la Semu, na wanawake wenzake wamenuna, husema, "Angekuwepo binti yangu wa Annobón tungecheka." Binti yake. Mimi niko palepale miguuni pake, nafunga mihogo kwenye majani, na nasikia.

Vyeti vya shule vimetoka. Wewe umekuwa wa kwanza, mimi wa pili. Mwalimu Don Leoncio alinipa cheti chako nikutunzie, akaniambia nisikikunje. Changu hakusema nisikikunje.

Sasa Frasi, nataka kukueleza habari ya lile shindano la insha, na nitaanzia mwanzo ingawa unaujua, kwa sababu upande wangu hujawahi kuusikia.

Kampuni ya mafuta ilipotangaza kwamba itasomesha ng'ambo msichana mmoja kutoka shule yetu, na kwamba kila anayetaka aandike kurasa nne juu ya nchi yetu na watu wake, mimi niliandika kwa juma zima. Nilianza na mwaka wa uhuru. Nikataja ukubwa wa Bioko na ukubwa wa bara, kakao, mbao, mafuta, gesi, barabara mpya. Nikaandika kwamba tuko Wafang, Wabubi, Wandowe na Wabisio. Annobón niliisahau. Sikukusudia. Niliisahau kama mtu anavyosahau mwavuli kwa jirani, na wewe ulikuwa umekaa dawati moja na mimi, kiwiko chako kinagusa changu.

Yako ilianza hivi: "Mimi natoka kwenye kisanduku." Ukaeleza kwamba karatasi ya ramani ya darasani haikutosha kufika kwenu, kwa hiyo waliochora waliiweka Annobón ndani ya kisanduku kidogo kwenye kona, karibu na Bioko, kana kwamba mtu angeweza kuvuka kwa kuogelea. Ukasema ulipoletwa Malabo una miaka tisa na kuiona ramani hiyo, ulijaribu kukumbuka kuta za kisanduku ziko upande gani wa kijiji. Halafu ukaiandika nchi nzima kwa yale ambayo watu wake wanayasubiri. Kwenu Palé wanasubiri meli. Ela Nguema tunasubiri maji. Baney, mzee wa Kibubi anasubiri watoto wake warudi kwenye kakao. Ebebiyín mama anasubiri simu ya kijana aliyevukia Gabon. Na wageni wa kule kwenye moto wa gesi wanasubiri likizo waende kwao. Ukamaliza kwa kusema mafuta yametufundisha kusubiri tukiwa tumevaa vizuri.

Don Leoncio aliisoma mara mbili, ya pili bila miwani, maana alikuwa ameivua kufuta macho. Alipofika kwenye yangu alisema, "Perpetua ameandika kwa usafi." Kwa usafi, kama vile nimefua.

Unakumbuka Bonifacio alivyopaza sauti kutoka nyuma akisema, "Jamani, kumbe kisandukuni huko wanazaliwa maprofesa." Nawe hukugeuka hata kichwa, ukamjibu, "Na kwenu bara wanazaliwa wenye midomo." Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Na mimi ukoo wangu ni wa bara, Frasi. Nilicheka wa mwisho, na meno yangu yaliuma.

Wivu wangu haukuanza siku hiyo. Ulianza zamani, kwa vitu vidogo ambavyo ni aibu kuviandika: kwamba mwenye duka anakupa peremende ya nyongeza, kwamba unaweza kumuuliza mtu mzima swali bila kutetemeka, kwamba ulikuja hapa hujui Kifang hata neno moja na sasa baba yangu mdogo anakutania kwa Kifang na unamrudishia. Mimi nimezaliwa mtaa huu, jina langu linajulikana hadi Mongomo kule bara, na nikitumwa dukani chumvi naona haya kuitaja, naonyesha kwa kidole. Nilikuwa najiambia kwamba Mungu akigawa, basi angalau angeanza na wenyeji.

Julai ikafika. Simu ya mama ikalia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki, nikaipokea mimi. Alikuwa mwanamke wa kampuni, jina lake Doña Visitación. Akasema Eufrasia Huesca Lagar ni wa kwanza na Perpetua Ayingono ni wa pili. Nafasi ni moja. Usaili ni tarehe 30. Na kwa kuwa Eufrasia aliacha namba hii ya jirani, je, tutamfikishia habari? Nikasema ndiyo, señora.

Simu haziwafikii huko kwenu, hilo kila mtu analijua, na kila mtu anajua dawa yake. Niliandika tangazo la kupeleka redioni, lisomwe saa sita pamoja na matangazo ya misiba na ya wagonjwa, kama tulivyofanya shangazi yako alipojifungua: Eufrasia, aliye San Antonio de Palé, apande meli itakayofika huko tarehe 24, anahitajika Malabo, ni mimi rafiki yake. Tangazo hilo halikusomwa. Nitakueleza kwa nini, lakini niache kwanza niandike yaliyofuata, la sivyo nguvu zitaniishia.

Tarehe 29 Doña Visitación alipiga tena. Nikamwambia habari ilitumwa, ila meli haikuonekana. Akashusha pumzi akasema, "Annobón tena," akaniambia basi mimi nijiandae.

Nilivaa gauni lako la kijani, lile uliloniachia. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine, na watu watatu nyuma ya meza. Hawakutaka karatasi yangu. Walisema, tueleze kwa mdomo, nchi yako ni nchi gani na watu wake ni watu gani. Nikatafuta mwaka wa uhuru, ukanikimbia. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba wako watu wetu wanaotoka kwenye kisanduku. Wakainua vichwa. Nikawapa ukuta wa kisanduku, nikawapa meli, maji, kakao, simu ya Ebebiyín, nikawapa hata ile ya kuvaa vizuri. Mzee mmoja mwenye tai ndogo alicheka hadi akakohoa, akaniuliza mawazo hayo nimeyatoa wapi. Nikajibu, "Nyumbani." Siku mbili baadaye wakasema nimepita.

Baba yangu mdogo Abeso alikuja kutoka mtaa wa Campo Yaoundé na kreti mbili za bia, akitangaza mlangoni kwamba sasa ukoo wetu una mtu wake kwenye mafuta. Shangazi akasema, "Nani, huyu? Si ndiye aliyekuwa anajificha nyuma ya friji wageni wakija?" Baba mdogo akamjibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye tangu zamani aliliona hilo friji lina kitu nyuma yake. Watu walicheka, wakanisukuma katikati nicheze. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu walikuwa wananitazama mimi, na nakuambia kweli, ilikuwa tamu.

Mama peke yake hakucheza. Alikuwa anageuza kuku kwenye mchuzi wa karanga, akaniuliza bila kunitazama, "Na Eufrasia?" Nikasema meli. Akasema, "Ah. Annobón," akafunika sufuria.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uwongo wangu ulikuwa mwepesi namna ile. Ningesema uko Bata, wangeniuliza ndege za Bata zimekufa zote? Ningesema uko Luba, mama angenipa nauli nikakufuate. Lakini nikisema Annobón, mtu anashusha pumzi na kuendelea na alichokuwa anafanya. Mama anayekuita binti yake, yule mwanamke wa kampuni, hata Don Leoncio aliyelia kwa insha yako, nilipomwambia habari ya meli, wote walinijibu neno moja. Hakuna aliyekwenda bandarini kuuliza. Nchi nzima ilinisaidia kukudhulumu, Frasi, na haikujua.

Maana meli ilikwenda. Ilirudi tarehe 27, nikaiona kwa macho yangu, watu wanashuka na samaki wao wakavu na mbuzi mmoja. Nilisimama nyuma ya kontena nikitazama kila uso kwa hofu kwamba mmoja utakuwa wako.

Sasa nakuambia la tangazo. Nilifika redioni. Nilikuwa nalo mkononi. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, akaniita, "Njoo mdogo wangu, una msiba au una furaha?" Nikamuuliza saa ngapi, akaniambia, nikageuka nikarudi. Njiani nilijisemea kwamba ni haya yangu, kwamba Perpetua ni mtu wa haya, kila mtu anajua. Si haya. Nilisimama pale mlangoni nikakuona unashuka melini unacheka, unapita moja kwa moja hadi chumba kile chenye baridi, na mimi nakupungia mkono. Nikasema hapana. Hilo ndilo neno lililokuwa moyoni mwangu, na lilikuwa wazi, na nililichagua. Tangazo nililichana, nikatumbukiza vipande kwenye mfereji.

Pengine ningenyamaza hadi leo. Lakini Jumatatu mjomba wako Rosendo alikuja kwetu. Ile meli ilikuwa imeunganisha safari hadi Bata, naye ni baharia wake, ndiyo maana alichelewa. Alileta samaki uliompa mama, na neno uliloniagizia mimi: kwamba wakiniita kwenye usaili nisiogope, niseme polepole, na nisitazame meza. Alilirudia mara mbili, maana ulimfanya alikariri. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Usidhani nililia kwa huruma. Nililia kwa hasira, kwa sababu hata wema wako niliuonea wivu, na niliona kwamba hata nikienda mwisho wa dunia kwa nafasi yako na kwa maneno yako, bado wewe ndiye utakuwa mkubwa.

Jumanne nilikwenda kwa Doña Visitación nikamwambia yote, na la insha pia. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa nini aniamini sasa, nikasema sijui. Alitoka, akakaa huko muda mrefu, akarudi na jibu. Nafasi ni yako ukifika kusaini kwa mkono wako kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 22. Usipofika, karatasi zenye jina langu zimeshapelekwa kwa wakubwa, na itabidi niende mimi. Akasema, "Utakwenda, na utabeba ulichobeba." Mama nilimwambia jioni ileile. Hajasema nami tangu hapo, ila asubuhi niliona ametenga sabuni na mafuta ya kula vya kumpelekea bibi yako.

Meli inaondoka kesho. Itafika kwenu Jumapili, itashusha saruji, na itageuka Jumanne. Ukiipanda utakuwa hapa Alhamisi. Ukiikosa, nyingine itakuja lini Mungu ndiye ajuaye.

Lazima nikwambie na hili. Leo asubuhi walisema sokoni kwamba injini ya meli ina hitilafu, na moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijauzuia. Saa nne wakasema imetengenezwa, nami nikasikitika. Ndivyo nilivyo. Siwezi kuwekewa dhamana. Kwa hiyo barua hii siitii kwenye bahasha. Nampa mjomba wako ikiwa wazi, sasa hivi, wino haujakauka, na nimemwomba jambo moja: ukiisoma ukaitupa, ukasema kwa hasira kwamba hutaki tena kitu chochote cha Malabo, yeye aichukue aende nayo vidjil, lile banda lenu la ufukoni wanakokaa watu wote, aisome kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Nawajua watu wa kwenu kupitia wewe. Wakishajua, watakubeba hadi melini kwa mabega, na jina langu watalitafuna miaka mingi. Walitafune. Mimi niliyeshindwa kusema neno moja redioni, acha nisomwe mbele ya kijiji.

Msalimie bibi yako, umwambie mafuta ya kula yametoka kwa mama, si kwangu. Wasalimie shangazi zako na yule mtoto tuliyemtangaza redioni. Cheti chako nimekitia ndani ya gazeti pamoja na barua hii, hakikukunjwa, ukakionyeshe huko.

Sikuombi msamaha, kwa sababu ukinisamehe hilo nalo nitalionea wivu. Nakuomba upande meli tu. Njoo usaini.

Ni mimi,
Perpetua Ayingono Ndong,
anayetaka uje, na anayetaka usije, na aliyeandika barua hii kabla yule wa pili hajaamka.