Kifuniko cha Msumeno

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu baada ya kimya ambacho sina cha kukitetea. Mimi ni mzima wa mwili; ya moyoni utayasoma. Watoto hawajambo? Na mama, mgongo bado unamsumbua akiinama? Shemeji simuulizii kwa mazoea. Barua hii ni yake kuliko yako.

Umeniandikia kwamba siku hizi hamzungumzi. Kwamba kila asubuhi ukimfunga vifungo vya shati unamwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilisoma maneno hayo stoo, nikajikuta nimekaa juu ya rundo la mbao.

Kule karakana mambo ni yale yale. Siku ile shemeji alipokatwa mkono, damu ilifunikwa kwa vumbi la mbao, na kabla ya chakula cha mchana msumeno ulikuwa unanguruma tena. Sasa wamebandika tangazo ukutani kwamba usalama wa mfanyakazi ni jukumu lake mwenyewe. Mzee wa randa alilisoma kwa sauti, akasema kumbe mashine ina mwenyewe, mkono ndio yatima. Tulicheka, kisha kila mtu akatazama vidole vyake.

Ripoti ya meneja inasema shemeji aliondoa kifuniko cha msumeno kwa haraka zake, ingawa alionywa. Chini kuna sahihi ya msimamizi wa zamu, aliyeshuhudia. Hukuuliza msimamizi huyo ni nani.

Dada, ni mimi. Nilikuwa nimepandishwa cheo wiki mbili kabla, nikanyamaza ili nije nikushangaze. Kifuniko nilikifungua mimi, kwa spana yangu. Mbao nene zilikuwa zinakwama, na meneja alisema oda haisubiri. Shemeji aliniuliza, "Sasa shemeji, hiki si ndicho kinachotukinga?" Nikamwambia aache uoga, awashe mashine. Akawasha. Angekuwa msimamizi mwingine angebisha, mimi aliniamini.

Ripoti niliisaini kesho yake, bila hata kuketi.

Nilipomtembelea hospitali aliniambia nisikwambie, maana mkono hautarudi, na hakutaka upoteze na ndugu pia. Nilikubali upesi mno. Miezi minne amemeza maneno yako kwa ajili yangu.

Jana nimempelekea mkaguzi wa usalama kazini maelezo ya kweli, kwa mwandiko wangu. Leo nimefukuzwa. Wakati nakusanya vifaa vyangu, fundi alikuwa anakirudisha kifuniko mahali pake. Nilimtazama. Hakutumia hata dakika mbili.

Usinijibu mimi kwanza. Ongea na mumeo.

Wabusu watoto. Mama usimwambie, nitakuja kumwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe, kama bado utanikubali,

Mdogo wako.