MS Si Maji Safi

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijawahi kumwambia mtu: napenda mabomba. Ndiyo, mabomba! Wenzangu darasani wana picha za wachezaji kwenye simu. Mimi nina picha ya bomba la choo cha shule likikata kona chini ya ngazi. Nikisema nitachekwa mpaka nimalize shule. Basi nasema hapa.

Dada anachora mabomba kwa kompyuta, ofisini kwa Injinia. Haya ya sasa ni ya wodi ya watoto. Leo amerudi na laptopu ya kazini, uso umemvimba. Kila bomba la maji safi likifika kwenye kona linakatika. Pengo, halafu doa jekundu la onyo. Ameifuta programu, akaiweka upya — wapi! Eti programu ina wazimu. Mama akamuuliza kama ni programu pia iliyoacha sahani mezani.

Nilisimama nyuma yake nikijifanya natafuta chaja.

"We Kobe, unanipumulia shingoni."

Kobe ni mimi. Mgeni akibisha hodi tu, mimi huyo chumbani.

Jumanne, 5 Agosti

NIMEIPATA!

Dada mwenyewe alinisukumia laptopu. "Haya, si unajifanya fundi? Nikitoka kuoga uwe umemaliza." Utani tu. Mimi nikakaa.

Ya maji taka hayakatiki. Ni ya maji safi peke yake. Kwa nini? Nikabonyeza moja, nikasoma maelezo yake: chuma. Chuma! Na mabomba ya wodi nzima ni ya plastiki. Kona ya plastiki, bomba la chuma, vitashikanaje? Programu inakataa kuviunganisha, na ina haki. Lakini nani kaweka chuma?

Ndipo nikaona jina. Njia zote za maji safi Dada ameziita MS. Maji safi, si ndiyo? Ila programu imesoma Kiingereza tu, maskini. Kwake MS ni mild steel, aina ya chuma. Imeona MS, ikavuta chuma. Nikabadilisha jina la njia moja. Pengo likaziba. Doa likapotea. Nilicheka peke yangu kama chizi. Shuleni naadhibiwa kwa kuchanganya lugha — leo nani angeiona hii bila kuchanganya?

Dada alitoka na taulo kichwani, akapiga kigelegele, akanibusu kwenye paji la uso. Kesho anamwambia Injinia ni mimi. Kuna nafasi ya mwanafunzi ofisini kwao likizo hii, moja tu, na bado haina mtu.

"Hiyo yako, mdogo wangu. Naapa."

Ameapa!

Alhamisi, 7 Agosti

Kimya. Nimemuuliza Dada, Injinia amesemaje. Eti Injinia ana mambo mengi. Dada anakula huku anaangalia simu.

Ijumaa, 8 Agosti



Mama alinituma nimpelekee Dada funguo alizosahau. Nikapiga pasi blauzi — kwa ajili ya Injinia, nani mwingine. Ofisi iko juu ya duka la rangi, harufu inakusindikiza ngazi nzima. Njiani nilifanya mazoezi ya kusalimia bila sauti kukatika.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe, mharibifu wetu!"

Alicheka, wala si kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma. Akasema kompyuta ya kazi si ya kuchezea, binti. Umebadilisha majina ya mabomba, dada yako kahangaika siku nzima kurekebisha. Mshukuru, amekutetea sana.

Amenitetea!

Nikamtazama Dada. Alikuwa anatafuta kitu kwenye droo. Droo tupu, niliiona. Nilitaka kusema. Maneno yalikuja kwa lugha zote mbili, yakagongana kooni. Lililotoka ni moja: samahani. SAMAHANI! Mimi!

Na nafasi? Injinia alinisindikiza mpaka mlangoni: labda likizo nyingine, ukitulia.

Jumapili, 10 Agosti

Jana Dada alikuja kukaa kitandani kwangu. Eti Injinia aliuliza mbele ya mteja nani kaandika MS, angejibu nini? "Ningesema mimi, kazi sina. Wewe mtoto bwana, wewe nani atakufukuza?" Akanifinya shavu. Kwake yameisha. Alijua nitanyamaza, basi akanitumia hivyo hivyo nilivyo.

Leo nimepita mezani yeye yuko jikoni. Skrini ya laptopu nyeupe, doa jekundu hata moja hakuna. Safi mno. Amezima maonyo! Na bomba la maji taka la bafu la watoto linapanda. Linapanda! Uchafu gani unaopanda mlima? Utarudi palepale wanapooga. Kesho asubuhi michoro inaenda kwa mafundi.

Sasa yuko sebuleni, anaongea na simu. Ndiyo Injinia, nimepitia mstari kwa mstari. Mdogo wangu? Aa, safari hii hajagusa! Wanacheka.

Nikisema, atasema mimi ndiye niliyelipandisha. Tena Injinia ataamini, si nilishaomba samahani? Nikinyamaza, kosa litakuwa lake peke yake. Lake na la wale watoto.

Simu imekatwa. Ndala kwenye korido. Zimesimama.

"Mdogo wangu, upo? Hebu njoo mara moja. Kuna bomba silielewi."

Silielewi! Kwa hiyo ameliona. Ameliona na bado akamwambia —

Kitasa kinazunguka. Naweka hii chini ya shuka. Sijui nikifungua mdomo nita—