Antena ya Beseni

Mama Bhoke, mzee wako nina miaka sabini na nne. Nzige na foleni za sukari nimezizika zote. Redio yako ilipona hapa Bunda. Antena za chuma hakuna, basi fundi kayeyusha beseni bovu la plastiki, kalimimina kwenye kalibu likawa fimbo, kaivika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Redio ikasema mpaka mtaa mzima wa Nyasura wakaja kusikiliza matangazo ya vifo. Ila hiyo antena niliiona chafu. Nikaisugua kwa jivu, kama unavyosuguaga sufuria. Karatasi yote ikatoka, ikabaki plastiki.

"Mzee, umesugua sauti yote," fundi akasema.

Nikamjibu, "Mimi simpelekeagi mke wangu kitu kichafu."

Nakuletea Jumamosi. Redio ni nzima, imenyamaza tu. Niwekee sato. Ukibisha, kaka yako Magesa ni shahidi, akimaliza kucheka.