Kisima Tulichokifukia Ili Kipone

Kaole, Bagamoyo
Jumapili asubuhi, mwanzoni mwa Desemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka upande huu ambako jua linachomoza baharini, na nadhani huko Ujiji bado ni giza na jogoo wa baba ndiye peke yake aliye macho. Barua uliyomwambia Hamisi aniandikie ilinifikia Jumanne. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikakaa nikaisoma tena. Goti lako linaendeleaje? Umewaachia wasichana kazi ya kukamua mawese, au bado unasema hawajui kuchochea moto? Na baba, kifua chake kimetulia? Mimi mzima. Ile homa niliyokuandikia imekwisha, na nguo zangu zimeanza kunienea tena.

Umesema majirani wanakuuliza mwanao anafanya kazi gani huku pwani, ukawajibu kuwa naonja maji, wakakucheka. Waache wacheke, mama, hujasema uongo. Lakini nimekuwa nikikuandikia kwa mafungu, habari za nyumba hapa, habari za mvua pale, na kazi yenyewe sijawahi kukueleza. Leo sina pa kwenda. Nimeweka shajara yangu mbele yangu nisije nikatanguliza la nyuma, na nitakusimulia jambo moja tu tangu mwanzo hadi jana. Nimeliona kwa macho yangu na bado linanishangaza.

Nianze na kichekesho. Siku yangu ya kwanza hapa niliamka, nikachukua ndoo, nikashika njia ya kwenda ufukweni. Bi Mwajuma, mama mwenye nyumba yangu, alikuwa barazani anakuna nazi.

"We mwana wa Kimanyema! Ndoo hiyo inakwenda wapi?"

"Kuchota maji ya kunywa, bibi."

Aliiacha nazi juu ya mbuzi. "Jamani njooni! Mgeni wangu anataka kuinywa bahari! Mwacheni, labda kwao huwa wanaitia sukari!"

Si kwamba sikujua bahari ina chumvi. Nimesoma hadi kidato cha nne, mama. Miguu yangu ndiyo ilikuwa bado ya Ujiji, ambako mtu akiona maji mengi mbele yake anainama anakunywa. Tangu siku hiyo wanawake wa hapa huniita Mnywa Bahari, nami huitika.

Kazi yetu ni ya utafiti wa maji yaliyo chini ya ardhi. Mkuu wetu ni Bwana Mgaya, mtu wa Njombe, mpole, mwenye kusahau kofia yake kila mahali. Tunazunguka visimani kuanzia hapa Kaole hadi Zinga. Tunateremsha kamba kupima maji yako wapi, tunaonja, halafu tunachukua kidogo katika chupa na kudondoshea dawa. Maji yakiwa matamu yanabaki maangavu. Yakiwa na chumvi yanageuka meupe, na chumvi ikizidi yanakuwa kama tui. Mara ya kwanza kuona weupe ule ukizaliwa ndani ya maji yaliyokuwa safi kabisa, nilisahau kuandika.

Lakini lililonitia hofu ya Mungu ni jingine. Kisima cha wanawake wa Kaole kiko mbali na ufuko, nyuma ya minazi, hata sauti ya mawimbi huisikii. Bwana Mgaya alinikalisha pale na kamba yangu tangu asubuhi hadi jioni, niwe napima kila baada ya muda. Nikaona maji ya kisimani yanapanda taratibu, kisha yanashuka taratibu. Hakuna aliyechota, wala mvua haikunyesha. Nilidhani nimekosea kupima, nikarudia. Nilipomweleza alicheka, akanyoosha kidole upande wa pwani. Bahari ilikuwa imejaa, kisha ikatoka, na kisima kilikuwa kinaifuata. Mama, niliondoa miguu yangu kwenye ukingo kama mtu aliyegundua amekaa juu ya kifua cha mnyama anayepumua.

Akanieleza. Maji ya bahari hayaishii pale mchanga unapoanza. Yanaendelea kwa chini, yanaingia chini ya minazi, chini ya nyumba, chini ya misikiti ya kale. Maji matamu ni mvua iliyozama miaka iliyopita, na kwa kuwa ni mepesi hayazami zaidi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Wewe utaelewa upesi kuliko majirani, kwa kuwa umeona maisha yako yote mawese yakikaa juu ya mchuzi bila kuchanganyika. Sisi sote wa hapa tunaishi kwa utando huo. Watu, mbuzi, miche ya muhogo, chai ya asubuhi. Sehemu nyingine utando ni mnene, sehemu nyingine ni mwembamba mno. Ndiyo maana wanawake wa Kaole hawatumbukizi ndoo kisimani kwao. Wanashuka ngazi na kata ya kifuu, wanachota juu juu, na msichana akiizamisha kata hadi ikagonga chini hupigwa kelele na kisima kizima.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nyuma ya Kaole kuna kijiji kipya. Ni familia zilizoshuka kutoka upande wa Fukayosi, bara kidogo, kuja kulima pamoja. Mkubwa wao ni Mzee Kibwana, mchimbaji wa visima tangu ujana wake, mabega kama ya mbebaji wa magunia. Walipofika alichimba kisima siku za mwanzo tu, maji yakatoka matamu, wakajenga, wakapanda muhogo. Mwezi wa Septemba jua lilipokaza, maji yakapungua. Mzee Kibwana akafanya kama alivyofanya maisha yake yote huko kwao: akashuka na jembe akayafuata chini. Yalijaa mengi, wakashangilia. Baada ya siku chache chai ikawa na ladha ya machozi. Maharage yalichemka kutwa yasiive. Mkwewe Asha alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na akawa anatembea na mtungi kichwani hadi Kaole kutafuta maji ya kumwogeshea.

Mzee alichimba tena, zaidi. Nilipodondosha dawa katika maji yale, chupa ilikuwa nyeupe tupu.

Wakaanza kufunga mizigo. Mzee Kibwana alituambia waziwazi: mvua za vuli zikipita na maji bado ni ya chumvi, atawachukua watu wake wote warudi Fukayosi, waache nyumba mpya na muhogo ambao haujafika hata magotini. Na huko walishabomoa nyumba zao. Wangerudi kulala chini ya miti, na mtoto mchanga.

Bwana Mgaya akamwambia, "Mzee, kifukie."

"Nikifukie nini?"

"Kisima. Tia mchanga safi, ufike hadi pale ulipochimba mara ya kwanza."

Mzee Kibwana alimtazama kama anayemtazama mlevi. "Mwanangu, wewe umesoma, nakuheshimu. Lakini umewahi kumwona mtu mwenye njaa akifukia chungu? Maji yakikimbia unayafuata. Mimi nimeyafuata nchi nzima hii."

"Kwenu yalikimbilia chini, mzee. Huku chini kuna mwenyewe mwingine."

"Nani?"

"Bahari."

Watu wakacheka, mzee hakucheka. Kesho yake Bwana Mgaya alikuja na mtungi wa kioo, ule wa dukani wa kuwekea peremende. Nilitia maji ya bahari chini. Kisha nikamimina chai ya rangi iliyopoa, polepole, juu ya kijiko, hata ikakaa juu yake, nyekundu juu, nyeupe chini, na mstari katikati kama uliochorwa. Watoto walisogea karibu. Hata mimi niliyeitengeneza nilibaki nimeinama kuitazama. Mwanamume mmoja akasema, "Uchawi wa serikali huu."

Bwana Mgaya alikata bua la jani la mpapai, lenye tundu ndani kama mnavyolijua, akamkabidhi Mzee Kibwana. "Kunywa chai, mzee. Chimba unavyopenda."

Mzee aliliteremsha bua hadi karibu na ule mstari, akavuta kwa pumzi yote. Tukaona, mama, tukaona kwa macho: maji meupe yakainuka katikati kama kichuguu, yakapanda kulifuata bua, ingawa bua halikuwa limeyagusa. Mzee akatema, akajifuta ndevu. Wanawake walicheka hadi wakashikana. Asha, aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo, "Baba mkwe, karibu chai yetu ya kila siku."

Alisubiri kichuguu kikae chini tena, ikachukua muda mrefu, na watu waliokuwa wakicheka wakangoja naye. Kisha akalipandisha bua hadi juu kabisa, akavuta kidogo, kama ndege. Akameza. Akavuta tena. Akamgeukia mwanawe, mume wa Asha.

"Kesho tunafukia."

"Baba! Jua hili? Watatuita wendawazimu hadi Bagamoyo mjini."

"Waache waite. Mimi ndiye niliyemwamsha aliyelala chini, nami nitamrudisha alale."

Siku ya kufukia sitaisahau. Wanaume walibeba mchanga mweupe kutoka kwenye kijito kikavu. Mzee Kibwana hakukubali mtu mwingine aumwage. Kila pakacha lilipita mikononi mwake, na alilimwaga kwa utaratibu kama anayemfunika mgonjwa. Fikiria, mama, ukame huo, watu wana kiu, nao wanafukia kisima. Nami nilisimama pale nikiwa na kamba yangu. Nilijua maelezo yote, niliyaandika mwenyewe, lakini kama tungekosea, watu wale wangekuwa wameyazika maji yao kwa maneno yetu.

Wakati huo tukamwona Bi Mwajuma anakuja na wanawake wa Kaole. Nilidhani kuna ugomvi, maana tangu Septemba walikuwa wakinung'unika kwamba watu wa bara wataharibu na kisima chao pia. Alimsalimu mzee kwa heshima, akasema, "Mpaka chenu kipone, mtachota kwetu. Asubuhi zamu yenu, jioni yetu. Lakini ndoo mnaziacha nyumbani. Kata tu. Nikiona ndoo nawavua khanga, wakubwa kwa wadogo."

"Na wanaume, bibi?" akauliza kijana mmoja.

"Wewe nitakuvua ndevu, ukizipata."

Basi wakachota kwa kata, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Nilikuwa nikienda kila baada ya siku chache kupima kile kilichofukiwa. Mara ya kwanza chupa ilikuwa tui. Mara ya pili tui. Mara ya tatu nilidhani imepungua, lakini nilijikataza kusema, maana mtu anayetaka kitu sana macho yake humdanganya. Mvua za vuli zilichelewa, kisha zikaja usiku na mchana. Mzee Kibwana alikuwa akitoka kusimama ndani ya mvua bila kofia, anaitazama inavyozama mchangani. Aliniambia, "Maisha yangu yote nimeyatafuta maji, sijawahi kuyatazama yakiingia nyumbani kwao."

Jana asubuhi tulikwenda sote. Mizigo ya familia tatu ilikuwa imefungwa tayari, imepangwa mlangoni. Mzee alishuka mwenyewe na kata, akachota juu juu. Nikatia maji katika chupa, nikadondosha dawa. Ukungu ulitokea kidogo, mwepesi, kama pumzi juu ya kioo, ukasimama hapo. Bwana Mgaya aliinua chupa juani. Mzee akaonja. Akampa Asha kata.

Asha hakuonja. Alimimina yale maji kwenye beseni, akatia nepi ya mtoto na kipande cha sabuni, akaanza kufikicha. Tulimtazama bila kuelewa. Mara akainua mikono yake yote miwili, myeupe hadi kwenye viwiko.

"Povu!" akapiga kelele. "Jamani, povu! Tangu nizae sijaliona kwa maji ya kisima chetu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wake alikwenda moja kwa moja mlangoni akaanza kufungua kamba za mizigo, na mafundo yalikuwa yamekaza kwa mvua hata akatumia meno.

Mama, mimi sijui kama kisima kile kitakaa hivyo miaka yote. Bwana Mgaya anasema watu wakiongezeka au mvua zikipungua, bahari haijaondoka, iko pale pale chini. Utafiti wetu ndiyo kwanza unaanza, na safari yangu ya kuja nyumbani itangoja hadi tumalize visima vya Zinga. Nisamehe kwa hilo. Harusi ya dada Mariamu sitaiwahi, lakini nimempelekea khanga mbili za huku kwa mkono wa mjomba dereva.

Mwamkie baba, na umwombe asitoke na baridi ya ziwani alfajiri. Mwambie Hamisi, mwandishi wako, kwamba mwandiko wake umekuwa mzuri kuliko wangu. Shangazi mfuma mikeka, bibi mzaa baba, na mwalimu wangu wa madrasa, wote nawaamkia kwa heshima. Majirani wanaocheka wape salamu pia, uwaambie mwanao jana alionja maji na yalikuwa matamu.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Zena