Mkanda Uliofunga Mikate

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Leo ni tarehe tatu Februari, na kwa hesabu yangu nimetimiza miaka thelathini na moja nje ya kwetu. Niliondoka na nywele nyeusi na begi moja. Begi bado ninalo. Hujambo? Magoti yako bado yanalalamika ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila macho yanadai mwanga zaidi kila mwezi. Tangu nistaafu kule maktaba, kwenye chumba cha kutengeneza vitabu vilivyochanika, vidole vyangu huamka asubuhi vikitafuta uzi na gundi.

Sasa kaa usikie. Wameniondolea lile zuio la zamani la kuingia nchini. Hati zimekamilika, na mwezi wa nane nitarudi. Si kuja kutembea. Kurudi. Nililitamka neno hilo kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, nikaona aibu, kisha nikalirudia.

Nimeitazama picha ya gari jipya la mikate kwa miwani, halafu kwa kioo cha kukuzia. Gari zuri, hongera. Mwanao Chapchap kakaa kwenye usukani kama waziri. Lakini kuna kitu sikukielewa. Kwenye kiti cha mbele, katikati, mmepanga kreti za mikate, na mkanda wa abiria umezizunguka vizuri kabisa. Kando yake, mlangoni, kakaa Bwana Hamira, mshushaji wenu wa mikate, tumbo mbele, anacheka. Yeye mkanda wake uko wapi?

Na juzi nilipompigia Chapchap, alipokea huku honi zinalia pande zote. Nikamwambia, "Kwani unaendesha?" Akasema, "Naendesha, Mjomba, wewe ongea tu!" Nikakata. Mwambie sikukata kwa hasira.

Nisalimie wote wa hapo tanurini.

Kaka yako


2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nililia mpaka wakandaji wa unga wakadhani nimeungua. Unarudi! Magoti yameacha kulalamika siku hiyo hiyo, yakaanza tena kesho yake. Sisi wazima. Unga umepanda bei, lakini hilo si habari tena.

Chumba chako ni kile cha nyuma, mbali na joto la tanuri. Nimekipaka rangi nyeupe na fundi anatengeneza rafu za vitabu. Nilimwambia, "Pima urefu wa ukuta mzima." Akaniuliza kama nafungua duka.

Sasa hayo ya mkanda. Kaka, huko uliko mnafunga mkanda hata msalani! Hapa gari ni la kazi. Nyuma kukijaa, kreti za ziada zinakaa mbele, na Chapchap akipiga breki kidogo tu zinamwagika. Mkate ukishaanguka sakafuni nani ataula? Basi nikauvuta mkanda wa abiria nikazifunga nao. Mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Unapita nyuma ya mgongo wa Bwana Hamira, haumsumbui, na ile kengele ya gari inayolia mtu asipofunga nayo imenyamaza. Bwana Hamira anasema mikate imepandishwa cheo, yeye ameshushwa.

Na simu, wenye maduka siku hizi wanaagiza kwa ujumbe wa sauti. Gari liko njiani, mtu anasema niongezee kreti, mwingine anasema leo sitaki. Chapchap asipojibu pale pale, wanachukua kwa yule jirani yetu mwenye mikate ya hewa. Kwa hiyo nimemwekea sheria: ujumbe ukiingia, jibu. Asipojibu mimi ndiye ninayempigia. Anaendesha vizuri, usiogope. Hakuitwa Chapchap bure.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimenikuta na mafua, lakini sasa yamepungua. Rafu za ukuta mzima! Nimeanza kuchagua vitabu vya kubeba, na kila ninachokiacha kinaniangalia.

Nimecheka uliposema habari za msalani. Mwenye nyumba wangu hapa alikuja kuuliza kuna nini. Lakini niliporudia kusoma, kicheko kilikwisha. Gari likisimama ghafla, kila kilichomo kinaendelea na safari. Mkate unaendelea, mtu anaendelea. Wewe umeshaliona hilo, ndiyo maana ukaufunga mkate.

Bwana Hamira mimi ndiye niliyekuomba umwajiri. Baba yake alinificha wiki nzima kwenye chumba cha vifaranga siku zile za kutoroka, kwa hiyo yule ni kama mtoto niliyeachiwa. Mkewe, yule Mshonaji, hunitumia salamu kila sikukuu wala hajawahi kuniomba kitu. Nakusihi, mrudishie mkanda wake.

Kuna mtu anakuja huko wiki ijayo. Nimempa mikanda minne ya kufungia mizigo, ile yenye kibano cha chuma. Hiyo ndiyo ya kreti. Na hao wenye maduka, Chapchap asimame kando ya barabara, asikilize, ajibu, aendelee. Watanung'unika mwezi mmoja, halafu watazoea.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Pole na mafua. Kunywa vitu vya moto na usijifanye kijana.

Mikanda imefika. Mizuri ajabu! Miwili tumefungia mlango wa tanuri, ulikuwa umelegea na moto unatoka. Mmoja unafunga magunia ya unga yasiwaangukie watu. Wa nne Chapchap kasema ataufunga kwenye kreti, lakini kuufungua na kuufunga kila duka ni kazi, na asubuhi ni mbio. Ataweka tu. Bwana Hamira nilimsomea barua yako mbele ya wote. Akasema, "Mwambieni mzee tumbo langu ndilo mto wangu." Tulicheka sana.

Rafu zimekwisha. Nitakutumia picha.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Picha haikuja, wala barua ya Mei. Nimepiga simu yako, inalia mpaka inakatika. Ya Chapchap haipatikani. Najiambia ni kazi, ni mtandao, ni magoti. Nimekwisha kata tiketi, na vitabu viko kwenye maboksi mlangoni, kila siku nayaruka nikitoka. Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako


30 Juni

Kaka,

Sikuulizi habari kwa sababu sina pumzi ya kusikia jibu. Nisamehe kimya.

Bwana Hamira amefariki. Ilikuwa mwezi wa tano, asubuhi, barabara ya kiwandani, imenyooka kabisa, jua limeshatoka. Duka la pale kona walituma ujumbe wanataka kreti mbili zaidi. Chapchap alikuwa anajibu. Anasema aliinamisha macho kidogo tu, kutafuta pale pa kubonyeza. Alipoyainua, lori la kokoto lilikuwa limesimama mbele yake, limepasuka gurudumu. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Yeye alikuwa amefunga mkanda, kwa sababu askari wa barabarani humwangalia dereva. Amevunjika mkono na mbavu, anapona. Bwana Hamira alitoka kwa kioo cha mbele. Walimkuta chini ya lori. Nilipofika walikuwa wameshamfunika kwa turubai la yule wa kokoto, na miguu yake ilikuwa nje, na viatu vyake vyeupe kwa unga. Nikachungulia ndani ya gari, sijui nilikuwa natafuta nini. Kreti zilikuwa zimekaa pale pale kwenye kiti. Hata mkate mmoja haukuanguka. Tangu siku hiyo sijala mkate, Kaka, mimi ninayeuza mikate.

Simu yako niliiona ikilia. Sikuweza.

Sasa kuna jambo. Askari waliuliza kwa nini marehemu hakufunga mkanda. Nikasema mkanda ulikuwepo, yeye mwenyewe alikuwa hapendi, ulimbana tumbo. Kreti nilikuwa nimeshazitoa kabla hawajafika. Nilisema hivyo na sasa imeandikwa hivyo. Mwanasheria anasema ikibaki hivyo, Chapchap anaweza kutozwa faini tu. Ikijulikana kwamba tulimnyima mkanda, tena dereva alikuwa kwenye simu, ni jela.

Mshonaji hasadiki. Anasema mumewe hakuwahi kukataa kitu alichoambiwa kazini. Ndugu zake wanamwambia akubali yaishe, naye kasema atamsikiliza mtu mmoja tu, wewe. Anasema wewe hukuwa na sababu ya kumdanganya baba mkwe wake na hutakuwa na sababu ya kumdanganya yeye. Kikao cha familia zetu mbili kimewekwa mwezi wa nane, ukifika.

Neno moja tu, Kaka. Useme marehemu alikwambia kwa simu kwamba mkanda unambana. Nani atapinga?

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu,

Pole. Pole kwako, pole kwa Chapchap, na kwa Mshonaji sijui niseme pole ipi. Nilikaa kwenye maboksi ya vitabu mpaka mwenye nyumba akaja kuniwashia taa.

Naelewa kwa nini ulizitoa zile kreti. Kama mwanao yuko chini anatoka damu, mkono hufanya kabla ya kichwa. Sikulaumu kwa dakika ile. Lakini tangu Mei hadi leo kichwa kimepata muda.

Neno hilo siwezi kulisema. Hakuniambia kitu. Aliyeniambia mkanda uko wapi ni wewe. Unataka nikae mbele ya mke wake, nimwambie mumewe alikufa kwa ukaidi wake, na watoto wake wakue wakijua hivyo? Kila wakipanda gari watasema baba yetu alikuwa mjinga.

Nakuomba hivi. Nikifika, twende kwake pamoja, mimi na wewe na Chapchap akiweza kutembea. Wewe useme. Mimi nitakaa kando yako, na kama watatutukana watatutukana sote. Halafu twende kwa askari. Jela ya dereva ina mwisho. Mwanasheria nitasaidia kumlipa, nina kidogo cha uzeeni.

Nijibu upesi. Ndege ni tarehe kumi na nne mwezi ujao.

Kaka yako


26 Julai

Kaka,

Umeniandikia barua nzuri. Siku zote ulikuwa na barua nzuri. Miaka thelathini na moja umekaa huko mbali pamoja na vitabu vyako, mimi nimezika baba, nimezika mama, nimejenga tanuri tofali kwa tofali, na leo unanifundisha haki kutoka dirishani.

Mwangalie Chapchap. Simu ikilia popote, hata ya mpita njia, anatoka nje. Mtoto wake mdogo anamwambia, "Baba, twende kwenye gari," naye anajifungia chumbani. Huyo ndiye unataka nimpeleke jela kwa mkono wangu? Umesema jela ina mwisho. Nenda ukakae wewe, kisha uniambie mwisho wake uko wapi.

Bwana Hamira harudi, hata tukisema nini. Mwanangu yupo.

Ukija, njoo na neno nililokuomba. Kama huna, usije kwangu. Nimemwambia mwalimu mmoja anayetafuta chumba asubiri mpaka nipate jibu lako.

Mdogo wako


4 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini magoti hayakusumbui na kwamba mbavu za Chapchap zinaunga. Siulizi kwa mazoea. Nataka kujua kweli.

Yote uliyosema juu yangu ni sawa. Sikuwazika wazazi wetu, na tanuri sikulijenga. Usiku ule baba yake Bwana Hamira aliponifungia na vifaranga, askari walimuuliza kama kuna mtu, akasema hakuna. Yule mzee alidanganya ili mtu aishi. Nimelipima hilo kwa siku nyingi, kwa sababu najua nawe unadanganya ili mtu asipotee. Lakini yeye uongo wake hakumtwisha marehemu asiyeweza kujibu.

Jana nilimwandikia Mshonaji. Nimemwambia mumewe hakukataa mkanda, bali mkanda ulikuwa umefunga kreti, na mimi niliuona kwenye picha tangu Februari. Nimemwambia dereva alikuwa anajibu ujumbe wa duka, kwa sheria ya kazi, na kwamba kijana huyo hakuwa mlevi wala mkorofi, alikuwa anamtii mama yake. Hilo la mwisho nimeomba wamhesabie. Sijamwambia afanye nini. Barua imeshaondoka, nakuarifu ili usiisikie kwa watu.

Ningeweza kuja na kupanga chumba kwingine. Nimeliwaza. Ningekuwa napita mbele ya duka lako asubuhi, nikisikia harufu ya mikate, na wewe ungefunga dirisha. Mji ule kwangu ulikuwa wewe. Bila wewe ni barabara tu, na moja kati ya hizo siwezi kuipita.

Tiketi nimeirudisha. Maboksi nimeyafungua na vitabu vimerudi ukutani, vingine vichwa chini, nitavipanga taratibu. Mpe mwalimu chumba. Rafu zitamfaa.

Mfunge Chapchap mkono vizuri asije akaukunja vibaya. Na gari likitengenezwa, yeyote atakayekaa kiti kile, mfunge mkanda.

Sitarudi.

Kaka yako