Flora Alikuwa Dada Yangu

Jumatatu, 15 Januari 1996

Nimekata majani ya ng'ombe, nimechota maji mferejini, nimebadili shuka la Flora. Anatoa jasho mpaka godoro linalowa. Godoro nimelianika juu ya ua wa masale, kisha nikaona aibu nikaligeuza upande usio na doa. Hakuna aliyepita.

Nilimaliza kidato cha nne Novemba. Wenzangu wanasubiri matokeo kwa kutembeleana. Mimi nasubiri kando ya kitanda cha dada, na sioni taabu. Niseme ukweli, hakuna atakayesoma: tangu arudi mgonjwa kutoka Himo nina furaha fulani mbaya. Miaka yote alikuwa wa biashara, wa mitumba, wa watu. Sasa ni wangu. Akitaka maji anaita, "Mdogo wangu." Naenda mbio hata kama nilikuwa nimeshasimama mlangoni.

Baba anasema ni kifua kikuu. Mama hasemi kitu.

Alhamisi, 18 Januari

Amekuja mgeni. Anaitwa Hilda. Alikuwa na meza moja na Flora sokoni Himo, Flora akiuza magauni, yeye mashuka. Kwao ni Singida. Wazazi wake walikuja huku kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Amekuja na begi, chupa ya chai na maneno mengi. Hata hajakaa alishasema, "We Flora! Umelala kama bibi harusi! Nani anakupikia, nione kama anafaa?"

Flora alicheka. Mimi sijamchekesha tangu Krismasi.

Nilidhani ataondoka kabla ya giza. Amelala hapa. Kitandani kwangu.

Jumanne, 23 Januari

Bado yupo.

Baba anamwita "yule chasaka", ndivyo tunavyowaita wasio Wachagga. Anasema kwa sauti ya chini. Mama amenikemea kwa kuwa simwiti Hilda dada. Namwamkia shikamoo, basi. Nikimhitaji nakohoa.

Hajui kumenya ndizi. Hapaki mafuta mikononi, utomvu umemganda mpaka kwenye kucha. Mtori nilipika mimi. Flora alionja kijiko kimoja, akasema chumvi imezidi. Hilda akachukua bakuli lile lile, kijiko kile kile, akapuliza. "Kula, mama. Bei ya jioni hii, nafunga meza." Flora akala nusu bakuli.

Chumvi ilikuwa ile ile.

Jumapili, 28 Januari

Leo nimefanya makusudi. Nilimsemesha Flora Kichagga kitupu. Nilimwuliza kama mgongo unawaka, kama anataka kugeuzwa, nikamsimulia jirani alivyogombana na mbuzi wake. Hilda alikaa anatutazama midomo. Nilisikia raha.

Flora akanijibu kwa Kiswahili. Kila neno. Polepole, pumzi inakatika, ili Hilda asikose kitu.

Nilitoka nikaenda kukata mkungu ambao haujakomaa. Mama ameuliza kwa nini.

Ijumaa, 2 Februari

Sasa najua.

Nilikuwa nje chini ya dirisha napepeta maharage. Flora alisema, "Nilipima mjini Moshi, Hilda. Ni ukimwi." Hilda akamwambia, "Najua, mwenzangu. Nilijua siku uliyoacha kuvaa gauni la mikono mifupi." Halafu Flora akasema, "Usiwaambie. Mdogo wangu ataogopa."

Niandike kama lilivyonijia. Sikuwaza kifo kwanza. Niliwaza: amemwambia yeye. Kifo kilikuja baadaye, nikiwa nimeshamwaga maharage.

Mimi ndiye ninayefua shuka zake. Mimi ndiye ninayemwaga ndoo. Na siri imekwenda Singida.

Jumatano, 7 Februari

Hilda ameshuka Himo kutazama meza yao, arudi kesho. Nilifurahi kama mtoto. Niliwaza nitamwogesha, nitamsuka, atanieleza mwenyewe. Nikamwogesha. Maji yalikuwa ya moto mno. Nilimvuta mkono vibaya akalia. Nikaomba radhi mpaka nikamchosha. Nilitaka kumwambia najua, ulimi ukawa mzito. Siku zote niko hivyo, hata darasani nilijua jibu nikanyamaza.

Jioni aliuliza, "Hilda kasema atarudi saa ngapi?"

Akauliza tena.

Jumapili, 18 Februari

Hawezi kugeuka mwenyewe. Vidonda mdomoni. Padri amekuja na mafuta matakatifu. Flora aliomba Hilda abaki chumbani. Baba alisema wabaki wa nyumbani. Flora akafumba macho, akakataa kufungua mpaka Hilda alipoitwa. Padri alisubiri. Sote tulisubiri.

Nilimchukia Hilda kwa moyo wote, na mafuta ya mgonjwa yananukia humo ndani. Namwogopa Mungu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 21 Februari

Flora amefariki leo asubuhi.

Ni Jumatano ya Majivu. Mama alinituma misa ya kwanza ili mmoja wetu awe amekwenda. Nilirudi na majivu usoni. Nilisikia yowe nikiwa penye mfereji. Hilda alikuwa amekaa kitandani, kichwa cha Flora mapajani mwake, anamfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe.

Amefia mikononi mwa Hilda. Mimi nilikuwa kanisani nimepanga foleni.

Jumamosi, 24 Februari

Tumemzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na babu. Kaka Deo amefika kutoka Arusha, ameacha lori lake Himo. Baba alitupa udongo, Mama, Deo, mimi. Ukoo ukafuata. Hilda alisimama mbali kwenye mibuni pamoja na watu wa sokoni. Walitupa udongo mwisho, shimo limeshajaa.

Nilifurahi. Mbele ya kaburi la dada yangu nilifurahi kwa sababu ya mpangilio wa watu.

Wamesema kwenye wasifu ni kifua kikuu.

Jumatatu, 26 Februari

Shangazi, dada yake Baba, ndiye anayeongoza msiba. Kesho tunaondoa matanga na kunyoa. Kwetu wa tumbo moja hunyolewa kwa wembe mmoja. Anaanza mama, wanafuata watoto kwa kuzaliwa, na nywele zinafukiwa pamoja migombani. Rafiki au jirani akitaka kunyoa, anakuja na wembe wake, ananyolewa pembeni na wa kwao. Mwuguzi wa zahanati alishatangaza kanisani tuache kuchangia nyembe. Shangazi anasema, "Mwuguzi kazika nani hapa?"

Naungoja wembe huo. Hilda alikuwa na siri, alikuwa na pumzi ya mwisho. Wembe hawezi kuwa nao. Watu wote watatazama na kujua nani wa Flora.

Jumanne, 27 Februari

Uani kulijaa watu. Karai la maji ya vuguvugu, sabuni ya mche, kigoda. Shangazi alimnyoa Mama, Mama akilia bila sauti. Kisha Deo. Alimkata juu ya sikio. Damu kidogo ikashuka, Deo akaifuta kwa kiganja. Shangazi akausuuza wembe karaini, akanionyesha kigoda. Nikakaa. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa.

Hilda akapenya katikati ya watu. Alishika wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake.

"Shangazi, samahani. Huyu ana wembe wake."

"Wewe chasaka, hapa si mnadani. Rudi ukakae."

"Si maneno yangu. Flora aliniagiza. Alisema siku ya kunyoa, mdogo wake apewe mpya, asichanganye na mtu."

"Asichanganye! Na nani? Na mama yake?" Shangazi alisimama wima, wembe mkononi unadondosha maji. "Sisi tuna nini, eti? Sema basi. Marehemu alikuwa na nini?"

Hilda alinyamaza. Neno moja tu lingemtetea, na alilijua. Alikuwa ameahidi. Watu walianza kuguna. Mwanamke mmoja alisema, "Huyo si ndiye aliyekuwa naye huko Himo? Labda ndiye kamletea." Mwingine akacheka puani. Hilda hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa kwangu.

Ningekaa kimya angefukuzwa. Ningekuwa na wembe wetu wa tumbo moja. Nililiwaza hilo, nakiri, nililiwaza lote mpaka mwisho.

Nikasema, "Naomba huo mpya."

"Unasemaje?"

"Naomba wa kwangu, Shangazi. Dada alikuwa na ukimwi."

Sijawahi kuongea mbele ya watu wengi hivyo. Neno hilo halijawahi kutamkwa uani kwetu. Mtu alitua sufuria chini. Baba aliondoka kuelekea zizini, hakugeuka. Deo aligusa sikio lake, akatazama vidole. Shangazi akatupa wembe karaini. "Haya. Akunyoe huyo huyo anayekuuzia."

Hilda alininyoa. Polepole, kuanzia kisogoni. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, kichwa chake kimeshanyolewa, akaweka mkono begani kwangu mpaka ilipokwisha.

Flora alinifikiria. Pumzi haimtoshi, amelala na vidonda, akafikiria kichwa changu na wembe wa Shangazi. Alijua nitakitaka kigoda kile, alijua nitakaa bila kuuliza. Alinijua. Lakini agizo alimpa Hilda. Kwa nini hakuniita nikae pale kitandani aniambie mwenyewe? Ningesikia. Ningejitahidi.

Nimelia leo kwa mara ya kwanza. Sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya hilo.

Jumatano, 28 Februari

Jana hakuna aliyekubali kumnyoa Hilda. Wa Himo walikuwa wameshaondoka. Asubuhi nilimkuta nyuma ya jiko, amefungua nywele, anajaribu kujinyoa mwenyewe kwa wembe mpya, anajitazama kwenye kipande cha kioo. Nikachukua wembe. Akainamisha kichwa.

Alisema, "Ukinikata acha papo hapo, usishike damu. Mimi sijapima."

Nilimwuliza kwa nini hajapima. Akasema meza inahitaji mtu anayeamini kesho ipo.

Nilinyoa taratibu sana, sijamkata. Ana kovu la zamani utosini ambalo Flora bila shaka alilijua. Nywele zake nimezifukia mimi mwenyewe. Zetu ziko upande wa juu wa mgomba. Zake nimezifukia upande wa chini. Sikuweza kuzichanganya. Labda mtu mwema angeweza.

Amepanda gari la mchana. Kitanda changu kina harufu ya sabuni yake.

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi hajafika nyumbani tangu siku ile. Deo ametuma salamu kwamba amekwenda kupima, majibu bado. Baba ananisemesha tena, mambo ya ng'ombe tu.

Mama alinituma Himo kuchukua vitu vya Flora. Magauni yalikuwa yamekunjwa kwenye gunia safi. Hilda amekonda kidogo, au ni kichwa kisicho na nywele. Aliniwekea kiti cha Flora upande wa kivulini. Sikutaka kukaa, kisha nikakaa.

Mama mmoja muuza vitumbua alikuja kutoa pole. Alikuwa safarini wakati wa msiba. Alimshika Hilda mikono yote miwili, akalia, akamweleza jinsi Flora alivyomkopesha gauni la ubatizo wa mtoto. Walikumbushana mengi. Sikujua hata moja. Nilitazama viatu vyangu. Kile kitu kilinipanda kifuani kama kawaida.

Kisha mama yule akakiona kichwa changu. "Na wewe binti?"

"Mimi ni mdogo wake. Ulisema gauni lilikuwa la rangi gani?"

Akaniambia. Bluu ya mawingu, kola nyeupe. Akavuta ndoo, akakaa, akaanza habari upya tangu mwanzo.